Watu wanne au okestra nzima?

Nimetoka konsati sasa hivi, masikio bado yanavuma 😅

Wamepiga kwateti (kipande cha wapigaji wanne wa nyuzi) namba 8 ya mtunzi Mrusi Shostakovich, ile ya 1960, ila kwa mpangilio wa Rudolf Barshai wa okestra ya nyuzi.

Yale mapigo matatu mazito na besi zimeongezwa chini, aisee, nilishtuka kwenye kiti!

Ila ile sehemu ya pili yenye kasi imenipungukia kitu, fidla zikiwa nyingi ule mkwaruzo wa mtu mmoja anayekaribia kukata nyuzi unalainika, unabaki ukubwa tu.

Halafu wengine wakashusha sauti, cello moja ikapanda juu ikaimba peke yake... hapo nikalengwa na machozi.

Adajio (kipande cha polepole) ya mtunzi Mmarekani Barber nayo ilianzia kwenye kwateti, na mi naipenda zaidi kwa okestra.

Nyie mnaonaje, inategemea kipande ama?