Ramani ya mafuriko ya Sabaki ilivyosomwa upya

Mwenye nyumba karibu na Mto Sabaki, Malindi, alisoma "mafuriko ya miaka 100" kwenye ramani akadhani yakishakuja basi, mpaka wajukuu. Sivyo. Ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka; kwa miaka 30 hufika takriban asilimia 26.

Mstari wa ramani hauoni sakafu yako. Tulipima kwa mpira wa maji wa fundi, ule wa kulinganisha usawa wa sehemu mbili (toa mapovu yote, la sivyo kipimo kinadanganya), kutoka alama ya tope la mafuriko kwenye ukuta wa jirani: sakafu ilikuwa chini ya alama hiyo kwa sentimita 40.

Bima ya moto peke yake haitoshi, mafuriko yaandikwe humo. Na nyumba ya milioni 4 ikikatiwa bima ya milioni 2 penye kanuni ya uwiano (bima ikiwa nusu ya thamani, malipo nayo ni nusu ya hasara), hasara ya milioni 1 hulipwa laki tano.