Mamangu juu ya farasi wa bembea

Jana baada ya alasiri tuliwapeleka watoto kwenye bembea za Mama Ngina, pale kando ya bahari Mombasa. Kitinda mimba wangu huwa anaogopa chochote kinachozunguka. Akikiona tu, ananing'ang'ania buibui. Jana, mashaallah, alimshika bibiye mkono wakapanda farasi pamoja! Mamangu na miaka yake 67, mtandio unapepea, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Sijamwona akicheka hivyo tangu baba atutoke.

Halafu tukakaa chini ya mbuyu na mihogo ya kuchoma, pilipili na ndimu, meli kubwa ikiingia bandari ya Kilindini karibu utadhani utaigusa. Watoto wakaipungia mikono. Wallahi, kuna baharia kule juu akawapungia pia. Wamelala wakisimuliana hilo.