Nilivyoipima na kuihudumia giaboksi ya otomatiki ya Corolla yangu ya mwaka 2003

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 2003, ile ya bodi ya NZE121, yenye injini ya 1NZ ya sentimita za ujazo 1,500 na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Nililinunua hapa Morogoro kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahamishwa kikazi, odometa ikisoma kilomita 131,000, na kwa miezi minne ya mwanzo halikunisumbua hata kidogo. Kisha nikaanza kuona kwamba nikiweka rivasi asubuhi ili kutoka uani, gari linachelewa kushika: naweka R, naachia breki, kimya, halafu linashtuka na kurudi nyuma kwa kishindo. Baada ya wiki chache tabia hiyo ikahamia kwenye D pia, hasa nikiwa kwenye foleni ya Msamvu mchana wa jua kali.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilitoa hukumu kwa muda usiozidi dakika kumi. Fundi alifungua boneti injini ikiwa imezimwa, akavuta stiki ya kupimia oili ya giaboksi, akaitazama, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha. "Mwalimu, oili ipo ya kutosha, ila giaboksi yenyewe ndiyo imekufa," akaniambia. "Usipoteze hela kwenye oili. Tunaleta ya mtumba kutoka Dar, leo nashusha hii, kesho jioni unaondoka." Bei aliyoitaja ilizidi mshahara wangu wa mwezi, lakini hata ingekuwa nusu yake nisingekuwa na raha ya kuilipa, kwa sababu katika mazungumzo yetu yote hapakuwa na kipimo hata kimoja kilichonionyesha kwamba kitu fulani ndani ya giaboksi ile kimekwisha. Tena giaboksi ya mtumba nayo imetoka kwenye gari lililozeeka, na hakuna anayejua oili yake ilibadilishwa lini.

Jirani yangu alinielekeza kwa mzee mmoja wa Kihonda ambaye amefanya kazi ya magari tangu ujana wake na siku hizi anapokea magari machache tu. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Gari limepata joto?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, kabla hajauliza tatizo ni nini, na baadaye nilielewa sababu yake. Oili ya giaboksi ya otomatiki hutanuka inapopata joto, kwa hiyo kipimo chake halisi husomwa gari likiwa limetembea hadi oili ikafikia nyuzi 70 hadi 80 za selisiasi, likiwa mahali tambarare, na injini ikinguruma. Kabla ya kuvuta stiki, huku umekanyaga breki, unapeleka rungu la gia taratibu kutoka P kupitia kila hatua hadi L, kisha unalirudisha P, ili oili ijaze mapito yote. Ukipima injini ikiwa imezimwa, pampu haivuti tena, oili inajikusanya chini, na stiki inakuonyesha kimo kilicho juu kuliko ukweli. Ndivyo ilivyotokea gereji ya kwanza. Mzee alipopima kwa utaratibu huu, stiki ilitoka na alama ya oili chini kabisa ya sehemu iliyoandikwa HOT, yaani ya oili ya moto, chini hata ya ile ya COLD, ya oili baridi. Oili yenyewe aliidondosha kwenye karatasi nyeupe, nayo ikawa na rangi ya kahawa iliyokolea, ikinuka kama kitu kilichoungua kidogo. Haikuwa na weupe kama wa maziwa, jambo lililotupa ahueni, kwa kuwa weupe ule ungemaanisha kwamba maji ya rejeta yamepenya ndani ya giaboksi. Oili hii hupoozwa kwa kupitishwa kwenye tangi la chini la rejeta, na rejeta kuukuu ikipasuka ndani, maji na oili hukutana.

Kuna jambo jingine lililokuwa mbele ya macho yangu tangu siku niliponunua gari. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilibaki kibandiko kidogo cha Kijapani ambacho sikuwahi kukijali. Nilikipiga picha, simu ikanitafsiria: oili ya giaboksi ilibadilishwa mwaka wa 21 wa Heisei, yaani 2009, gari likiwa na kilomita 48,200. Mwalimu mwenzangu nilipompigia alikiri kwamba yeye hakuigusa, kwa sababu aliambiwa kwamba ukibadilisha oili ya giaboksi iliyozeeka, giaboksi inakufa. Kwa hiyo oili ile ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 80,000, na nyingi kati ya hizo kwenye joto la Morogoro na Dar es Salaam.

Kipimo kilichonisaidia zaidi kuliko vyote hakikuhitaji kifaa chochote isipokuwa simu. Toyota imeweka muda ambao giaboksi inatakiwa kushika tangu unapotoa rungu kwenye N: kuingia D isizidi sekunde 1.2, na kuingia R isizidi sekunde 1.5. Tulilipeleka gari mahali tambarare, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukafunga breki ya mkono, injini ikiwa ya moto na kiyoyozi kimezimwa. Mimi nilihamisha rungu, na binti yangu aliyekaa pembeni alibonyeza saa ya simu kila alipousikia ule mshtuko mdogo wa gia kushika. Tulirudia mara tatu kwa kila upande, tukiacha dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Wastani wa D ulikuwa sekunde 1.9 na wa R sekunde 2.3.

Mzee alizitazama namba hizo kwenye daftari langu kwa muda, kisha akanieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la otomatiki alijue kabla hajakubali giaboksi yake ishushwe. Kama D peke yake ingechelewa na R ikawa sawa, shaka ya kwanza ingekuwa kwenye klachi ya kwenda mbele. Kama ingechelewa R peke yake, tungeshuku klachi au breki za ndani zinazohusika na kurudi nyuma. Lakini zote mbili zilichelewa kwa kiasi kinachokaribiana, na vitu ambavyo pande hizo mbili zinashirikiana ni kimo cha oili, chujio, pampu na presha inayotengenezwa na pampu hiyo. Viwili vya kwanza ni rahisi kuvifikia, na ndivyo vya kuanza navyo. Nilimwomba tufanye na kile kipimo cha kukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa limezuiwa na breki, akakataa katakata, akasema kipimo hicho hupandisha joto la oili kwa kasi, hata kwenye gari lisilo na tatizo hakitakiwi kuzidi sekunde tano, na kukifanya oili ikiwa pungufu ni kuiunguza giaboksi kwa makusudi. Kompyuta ya kusoma hitilafu nayo haikutoa kosa lolote, na taa ya O/D OFF kwenye dashibodi haikuwa ikimweka kuashiria hitilafu, kwa hiyo solenoidi, zile vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili ndani ya giaboksi, tuliziacha.

Oili iliyopungua ilikuwa imekwenda wapi? Tulipolala chini tuliona mpira mmoja kati ya miwili inayopeleka oili kwenye rejeta umekakamaa, na pale unapobanwa palikuwa na vumbi jekundu lililoshikana na oili kuwa tope. Uvujaji wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukuacha tone sakafuni. Tulibadilisha mipira yote miwili na vibano vyake, na hapa mzee alisisitiza tununue mpira unaostahimili oili ya moto, kwa kuwa mpira wa maji hulainika na kuvimba ukikaa na oili.

Kazi yenyewe tuliifanya Jumamosi moja. Nilitaka nijue kwa hakika ni oili kiasi gani inatoka, kwa hiyo niliikinga kwenye beseni safi na kuimimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Plagi ya kumwagia iliyo chini ya sampo, yaani beseni la oili lililo chini ya giaboksi, hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani yake, na inafaa kuitambua vizuri, kwa sababu ipo karibu na ile ya injini, na yapo magari yaliyomwagwa oili ya giaboksi na kuongezewa oili ya injini juu ya ile iliyokuwapo. Ilitoka chupa moja kamili na zaidi kidogo ya nusu ya chupa ya pili, kama lita 2.3 hivi, nyeusi. Kisha tukafungua bolti ndogo za spana namba 10 zinazoizunguka sampo, tukiacha mbili za pembeni hadi mwisho ili sampo ishuke kwa upande mmoja na mabaki yasimwagike ovyo.

Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo za duara zilizokaa chini, na hizo ndizo nilizokuwa nikizingoja kwa wasiwasi, kwa kuwa hunasa chembe za chuma zinazosagika ndani. Zilikuwa zimevaa ute wa kijivu, laini kama dawa ya viatu. Nilichukua kidogo, nikausugua kati ya kidole gumba na cha shahada kwenye kipande cha shuka jeupe chini ya mwanga wa tochi, nikitafuta kitu chochote kinachokwaruza. Vipande vya chuma vinavyovutwa na sumaku vingemaanisha kwamba beringi, gia au sahani za klachi zinasagika, na vipande vya rangi ya shaba visivyovutwa na sumaku vingetuelekeza kwenye bushi. Havikuwapo. Kulikuwa na ute tu, na unga mweusi chini ya sampo, ambavyo mzee alisema ni vya kawaida kwa gari la umri ule. Nilikaa chini nikashusha pumzi.

Chujio lililoshikiliwa na bolti chache juu yake lilikuwa limejaa unga huo huo kwenye wavu. Tuliweka jipya pamoja na gasketi mpya ya sampo, tukasafisha sumaku na kuzirudisha mahali pake, na bolti tukazikaza kwa mkono mwepesi kwa mzunguko, kwa kuwa ukikaza kwa nguvu sampo hupinda na gasketi huanza kuvuja.

Oili inayotakiwa kwenye giaboksi hii ni Toyota Type T-IV. Dukani nilibembelezwa nichukue ile nyekundu ya kawaida ambayo watu huita haidroliki na kuitia hata kwenye usukani, kwa maelezo kwamba zote ni nyekundu na zote ni za giaboksi. Rangi haina uhusiano na ubora huo. Nyekundu ni rangi inayotiwa kiwandani ili ivujapo itambulike, na kinachozifanya klachi zishike vizuri ni viambato vya oili yenyewe. Nilisubiri siku mbili T-IV iletwe kutoka Kariakoo, nikakagua lakiri ya kila kopo kabla ya kulipa.

Tuliijaza kupitia bomba la stiki kwa faneli yenye mdomo mwembamba. Lita 3 kwanza, kisha tukawasha, tukapitisha rungu kwenye hatua zote, tukaendesha hadi Mzumbe na kurudi ili ipate joto, tukapima, tukaongeza kidogo kidogo hadi ikafika katikati ya sehemu ya HOT. Kuzidisha ni kosa lilelile la kupunguza, kwa kuwa oili ikizidi hupigwa na gia zinazozunguka, ikafanya povu, na povu halishiki presha.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mwalimu mwenzangu kwamba oili mpya huua giaboksi kuukuu. Giaboksi inayokufa baada ya kubadilishiwa oili kwa kawaida ilikuwa na klachi zilizokwisha tangu mwanzo, na mwenyewe aliifikisha gereji baada ya kuanza kuteleza. Hata hivyo sikutaka kuitoa oili yote kwa mkupuo kwa mashine ya kusukuma. Ukimwaga kwa plagi, zaidi ya nusu hubaki kwenye toki konveta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya oili, na kwenye mapito, kwa hiyo kila umwagaji huondoa sehemu tu ya uchafu. Nilirudia baada ya kilomita 500, na mara ya tatu baada ya kilomita nyingine 1,000, safari hizi kwa plagi tu bila kushusha sampo. Ya pili ilitoka na rangi ya chai kavu, ya tatu ilikaribia rangi ya juisi ya rozela, na harufu ya kuungua ilikuwa imekwisha.

Vipimo vya muda nilivirudia kila baada ya hatua, kwa utaratibu uleule na binti yuleyule kwenye saa. Baada ya umwagaji wa kwanza D ilikuwa sekunde 1.3 na R 1.7, baada ya wa tatu, D sekunde 1.0 na R 1.3, zote ndani ya kiwango. Kishindo cha rivasi kilipungua lakini hakikwisha, na tulipochunguza tukakuta mauntini ya injini, yaani kishikilio chake chenye mpira, imepasuka mpira. Tuliibadilisha, kikaisha.

Mwezi Desemba nililipeleka gari Iringa na familia. Nilipoanza kupanda Kitonga niliweka rungu kwenye 2 nyuma ya lori la mizigo na kulisikiliza gari kona baada ya kona. Halikuteleza, wala injini haikupandisha mizunguko bila mwendo. Tulisimama Ilula kununua vitunguu, na kabla ya kuzima injini nilifungua boneti, nikapitisha rungu kutoka P hadi L na kulirudisha, nikavuta stiki. Oili ilikuwa nyekundu, katikati ya HOT, na mipira ya rejeta ilikuwa mikavu. Nikaandika kilomita kwenye daftari, tukaendelea na safari.