Jumanne na Madamu wa Awali

Siku ya Walimu Duniani, Oktoba 5, huwa naiona zaidi kwenye simu kuliko shuleni. Magrupu yanajaa picha za maua na chaki, kila mtu anamkumbuka mwalimu aliyemfundisha kusoma, na jioni ikifika kila mtu karudi kwenye mambo yake. Nami nimezituma nyingi tu, sizidharau. Ila mwaka huu nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaani kwetu, hapa Morogoro, nikaomba niwe nasaidia darasa la awali kila Jumanne. Alinitazama, akauliza kama koo langu ni zima. Nikasema ni zima. Akasema, "Basi karibu."

Sasa najua kwa nini aliulizia koo.

Darasa lina watoto zaidi ya sitini. Utaratibu unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamemiminika, jambo jema kabisa, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Madamu, kama watoto wanavyomwita, yuko peke yake. Mimi wananiita anti.

Nilianzia kwenye penseli. Nyingi ni nusu: mama kanunua moja, kaikata kwa kisu, nusu ya kaka, nusu ya mdogo. Nachonga kwa wembe, mtoto anakwenda kukaa, mara huyo karudi, ncha imevunjika, maana anakandamiza kama anayechimba mhogo. Kabla sijaja, hiyo nayo ilikuwa kazi ya Madamu, huku anafundisha, anawavua viatu waliovaa kinyume, anaamua ugomvi wa kifutio, na anamkimbiza nje yule anayeomba ruhusa ya chooni akiwa ameshachelewa.

Kuna mvulana mmoja anahesabu mpaka thelathini bila kukwama, kwa sauti ya kuimba. Wageni wakija ndiye anayesimamishwa mbele. Jumanne moja Madamu alimwaga vizibo vya soda mezani, akamwambia, "Nipe saba." Mtoto akaanza: moja, mbili, tatu, mdomo unakimbia, mkono uko nyuma. Alipotamka saba alikuwa ameokota vizibo vinne. Wenzake wa karibu wakampigia makofi, maana saba si imetajwa?

Madamu hakumwambia amekosa. Alivuta trei tupu ya mayai, akasema kila kizibo kina nyumba yake, na namba haitajwi mpaka kizibo kimeingia ndani. Moja. Mkono ukaenda, ukarudi. Mbili. Kidole cha Madamu kilikuwa kimetangulia kwenye shimo linalofuata, kikimsubiri. Walipomaliza akauliza, "Viko vingapi?" Mtoto akaanza upya toka moja. Akamwacha ahesabu, akauliza tena, akahesabu tena. Safari iliyofuata mtoto aliitazama trei, akanyamaza, kisha akasema, "Saba," bila kugusa kitu. Madamu akanigeukia kama mtu aliyefunga goli dakika ya tisini.

Muda huo wote wengine walikuwa wanafinyanga udongo, nami nazunguka kuhakikisha hauliwi. Wakati wa uji akaniambia, "Nilijua siku nyingi kwamba yule anaimba tu. Nafasi ya kukaa naye ndiyo sikuwa nayo." Maneno hayo yamenikaa. Tunamsifu mwalimu kwa uvumilivu, na kweli anao, lakini kinachompungukia huyu ni dakika kumi za kumsikiliza mtoto mmoja bila kuvutwa kanga na wengine watano. Hizo mtu yeyote wa mtaani mwenye asubuhi tupu anaweza kumpa, hata asiyejua kufundisha.

Kuhusu udongo, kuna baba alikuja mlangoni kulalamika kwamba mwanawe anacheza tu, daftari halina herufi hata moja. Madamu akampa shikamoo yake, akamwonyesha vidole vya mtoto vinavyojikunja vibaya kwenye penseli. "Tunaviimarisha kwanza, baba. Mkono ukikomaa, herufi zitakuja." Sijui kama aliridhika. Aliondoka bila kubisha.

Saa sita watoto wanaondoka, nami naondoka nao, nimekauka koo. Yeye anabaki na madaftari, andalio la somo la kesho, na maboksi ya kukatia kadi za silabi.

Juzi nilimuuliza angependa zawadi gani, nikiwa nimeshaipigia hesabu doti ya kanga. Akasema kanga anazo, nimletee trei za mayai, nyingi. Nimeongea na kijana wa chipsi pale stendi, ananiwekea. Ameniuliza kama nimeanza kufuga kuku.