Asilimia 87 ya nini, mwanangu?

Toleo la kwanza la programu yangu ya kutambua magonjwa ya muhogo lilipendeza sana nikiwa mezani. Unapiga picha ya jani, akili mnemba inalichunguza, inakupa jina la ugonjwa na asilimia. Nikapanda basi hadi Muheza, nikamkabidhi simu mama mmoja shambani kwake.

Akachagua jani zuri la juu kabisa, akapiga. Jibu likaja: mzima, asilimia 87.

"Asilimia 87 ya nini, mwanangu? Ya shamba lote?"

Nikaanza kueleza habari za uwezekano, nikaona natapatapa tu. Yule mama wala hakusubiri. Aling'oa shina, akapasua muhogo kwa panga. Ndani, madoa ya kahawia, makavu kama kizibo.

Ugonjwa wa batobato huonekana kwenye majani machanga ya juu, ambayo hujikunja. Ugonjwa wa michirizi kahawia, ule uliokuwa ndani ya muhogo wa yule mama, huonekana kwenye majani yaliyokomaa ya chini: manjano kandokando ya vishipa, na jani limenyooka kama halina neno. Mashine niliifunza kwa picha za wataalamu, watu wanaojua pa kutazama. Mkulima hupiga jani lililo mbele ya macho yake. Na aibu yangu ilizidi nilipokumbuka kwamba aliyeueleza ugonjwa huu wa michirizi kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, alikuwa mtafiti wa kituo cha Amani, milimani hapohapo.

Wiki mbili sikugusa kompyuta. Nilichora skrini kwenye karatasi, nikakaa chini ya mwembe nikijifanya mashine: mtu ananionyesha jani, namjibu sentensi moja. Mbinu hii ya kumweka binadamu mahali pa mashine imetumika kwa miongo kadhaa, na ni rahisi kuliko kuandika programu ukaja kuitupa. Nilipojibu "sijui, nionyeshe la chini", hakuna aliyenuna. Walinuna nilipojibu kwa kujiamini nikakosea.

Basi asilimia nikazifuta. Sasa simu inaonyesha mchoro wa mmea na kuomba picha tatu: juu, katikati, chini. Inafanya kazi bila intaneti, na inajibu kwa sauti. (Sauti ya kwanza ilikuwa kama tangazo la stendi, tukamrekodi dada wa hapohapo kijijini.) Ikishuku michirizi inasema: "Nina wasiwasi. Ng'oa shina moja, pasua, uangalie mwenyewe." Nikaweka na kitufe cha "Si kweli". Mwenzangu wa kazi alikipinga, eti tunajivunjia heshima. Nilikiacha, na picha zilizokuja kupitia kitufe hicho ndizo zilizotufaa zaidi kuifunza mashine upya.

Niliporudi kwa yule mama, alipiga picha zake tatu bila kuuliza. Simu ikamwambia haijaona ugonjwa. Akabonyeza "Si kweli", akainama, akang'oa.

Alikuwa sahihi yeye.