Tulivyotoa albamu ya bendi bila lebo

Kabla ya kulipia studio tulikaa na karatasi moja kwa kila wimbo. Jina la wimbo, majina rasmi ya watunzi, asilimia ya kila mmoja, jumla ifike 100, namba za uanachama kwenye chama cha hakimiliki, tarehe na saini. Ni kazi fupi, ila ikiahirishwa hadi wimbo uanze kuingiza pesa, kila mtu anakumbuka mchango wake kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Wimbo mmoja una mali mbili: utunzi, yaani melodia na mashairi, na rekodi yenyewe. Mpiga drams asiyetunga hana chake upande wa utunzi mpaka mkubaliane kumwingiza. Sisi tuligawana sawa kwa sawa, kama bendi ya Marekani R.E.M. walivyoandika majina ya wote wanne kwenye nyimbo zao. Wala si huruma. Mafungu yakitofautiana, kila mmoja hupigania wimbo wake uingie kwenye albamu hata kama ni dhaifu. Karatasi nyingine inamhusu anayejitoa: anabaki na fungu lake kwenye nyimbo alizoshiriki, hana fungu kwenye mpya, na jina la bendi linabaki kwa waliosalia.

Studioni tulipiga wote pamoja, ampu za gitaa zikiwa chumba cha pili, lakini tulichokusudia kubaki nacho ni drams na besi tu. Magitaa na sauti vilirudiwa baadaye. Ngozi za drams tulizibadilisha siku moja kabla, zipate muda wa kunyooka, halafu zikatyuniwa upya asubuhi. Maikrofoni mbili za juu zipimwe kwa uzi: kutoka katikati ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, hadi kila maikrofoni, urefu uwe uleule. Ukitofautiana, mlio wa snea unafika kwenye moja kabla ya nyingine, mawimbi yanakatana, na snea inasikika nyembamba kama kopo. Hakuna miksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zote, itakayoliponya hilo vizuri.

Miksi zikiisha, dai faili za WAV za biti 24: miksi kamili, miksi isiyo na mwimbaji, na kila ala peke yake kuanzia sekunde ya sifuri. Faili za mradi wa studio huenda zisifunguke tena programu zikibadilika, na mtu wa filamu akitaka wimbo wako, mara nyingi ataulizia na ule usio na sauti.

Santuri ndiyo iliyotupa kazi. Ya inchi 12 kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika hukaa vizuri kwenye dakika 18 hadi 20 kila upande. Ukipita 22, mifereji inabanana, fundi analazimika kushusha sauti, na mkwaruzo wa sindano unajitokeza. Jambo la pili linagusa mpangilio wa nyimbo. Kasi ya mzunguko haibadiliki, lakini karibu na katikati duara ni dogo, hivyo mawimbi ya sauti yanabanwa kwenye nafasi fupi. Sauti kali za juu, hasa matoazi na herufi “s” ya mwimbaji, huanza kukwaruza. Kwa hiyo wimbo wenye fujo unafungua upande, mtulivu unaufunga. Kama mnaye mpiga gitaa anayetaka kelele yake iwe ya mwisho, mwonyesheni hesabu hii mapema. Besi iwekwe katikati, isiegemee kushoto wala kulia, na masta ya santuri, yaani rekodi ya mwisho ya kuchapia nakala, iwe tofauti na ile ya mtandaoni iliyobanwa sana.

Kiwanda kikituma nakala za majaribio, zisikilizeni kwenye mashine zaidi ya moja. Mpasuko unaotokea palepale kwenye nakala zote ni hitilafu ya kalibu, kataeni. Ukitokea kwenye nakala moja tu, huenda ni vumbi. Kuhusu idadi, gharama ya kukata masta na kutengeneza kalibu ni ileile uchape chache au nyingi, ndiyo maana bei ya nakala moja hushuka ukiongeza. Usishawishike sana. Bendi ya Uingereza Buzzcocks mwaka 1977 walianza na nakala 1,000 kwa pauni 500 za kukopa, lakini santuri ile ilikuwa na nyimbo nne tu na enzi zile hakukuwa na kusikiliza mtandaoni.

Mtandaoni, kila rekodi hubeba msimbo wa ISRC, yaani utambulisho wake, wenye herufi na tarakimu 12. Wimbo ukitoka kwanza peke yake kisha ukaingia kwenye albamu, tumia msimbo uleule, la sivyo hesabu za wasikilizaji zinagawanyika. Toleo la moja kwa moja jukwaani linapata msimbo mpya. Kuanzia 2024 Spotify hawalipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12, sababu tosha ya kutoa nyimbo mojamoja kabla ya albamu nzima. Wimbo wa kupendekeza kwa wahariri wao upelekwe si chini ya siku 7 kabla ya kutoka. Sisi tulipakia wiki nne kabla, kwa kuwa jalada likiwa na kasoro msambazaji hulirudisha.

Shoo zikianza, orodha ya nyimbo mlizopiga ipelekwe chama cha hakimiliki baada ya kila onyesho, ikiwa na ukumbi na tarehe. Kwetu mpiga besi huijaza kwenye simu vyombo vikipakiwa, maana ikingoja kesho haijazwi, na ada ya utunzi iliyolipwa na ukumbi huenda ikagawiwa wengine.