Asiye na Karatasi Mpakani Bado Ana Haki

Kila habari ya watu waliozuiwa mpakani inapotangazwa, mimi husikia swali lile lile kutoka kwa watu wa kwetu Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda: walikuwa na karatasi au hawakuwa nazo? Swali hilo lina nafasi yake, kwa kuwa kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia na nani anatoka. Kinachoniuma ni kwamba huulizwa la kwanza na la mwisho, kana kwamba mtu aliyekosa pasipoti amekosa pia haki ya kusikilizwa, ya kupewa maji, ya kutopigwa na ya kutotenganishwa na mtoto wake.

Sisi wa magharibi mwa Kenya hatuna udhuru wa kufikiri hivyo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwalazimu maelfu ya Wakenya kukimbilia Uganda, wengi wao wakipitia Busia na Malaba, na shangazi yangu alikuwa miongoni mwao. Kitambulisho chake kiliteketea pamoja na nyumba. Alifika Malaba na mtoto mgongoni na sufuria iliyofungwa kwa leso, ndani yake mna unga kidogo na kadi za kliniki za watoto. Afisa wa upande wa pili hakuanza kwa kumdai kitambulisho. Alimuuliza jina lake, alikotoka na watoto aliokuwa nao, akayaandika hayo katika daftari, kisha akamwonyesha mahali pa kukaa. Mengine yalishughulikiwa baadaye katika kambi ya muda ya Mulanda, karibu na Tororo, na kutoka huko wengi walihamishiwa makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, humo humo Uganda.

Utaratibu huo wa kutanguliza usalama wa mtu kabla ya karatasi zake haukuwa hisani ya afisa mmoja. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, unakataza kumzuia mpakani, kumrudisha au kumfukuza mtu ikiwa hatua hiyo itamlazimu kurejea au kubaki mahali ambapo maisha yake, mwili wake au uhuru wake uko hatarini. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951 ulikuwa tayari umekataza kufukuza na kurudisha, lakini ni huu wa Afrika uliotaja waziwazi kule kuzuiwa mlangoni kwenyewe, na mimi hujivunia jambo hilo. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 nayo inabeba katazo la kuwarudisha watu hatarini.

Hata hivyo, si kila anayevuka mpaka ni mkimbizi. Yuko anayetafuta kazi, yuko anayemfuata mume, na yuko aliyedanganywa na wakala kwamba kazi ipo Afrika Kusini. Kwa ajili ya watu wote hao, bila kuwabagua, Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa ilitoa mwaka 2014 kanuni na miongozo ya haki za binadamu mipakani. Msingi wake ni kwamba haki za binadamu zitangulie katika kila hatua ya ulinzi wa mpaka, mtu asibaguliwe, na wahamiaji wasaidiwe na kukingwa dhidi ya madhara. Ulaya ilikuwa imekumbushwa jambo hilo mahakamani miaka miwili kabla. Mwaka 2009 Italia iliwakamata Wasomali na Waeritrea katika bahari ya Mediterania na kuwarudisha Libya bila hata kuwatambua mmoja mmoja, na tarehe 23 Februari 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya kutofukuzwa kwa pamoja.

Uamuzi huo ulinijia akilini siku niliyoketi katika mahakama moja ya huku kwetu, vijana wa Kiethiopia waliokamatwa safarini wakisomewa shtaka la kuwa nchini kinyume cha sheria. Mkalimani alizungumza Kiamhari, lakini mmoja wao, aliyetoka upande wa Hosaena, kusini mwa Ethiopia ambako wengi huzungumza Kihadiya, alikuwa akimtazama mwenzake kwanza kila alipoulizwa jambo, kisha anaitikia kwa kichwa. Kuitikia huko kuliandikwa kuwa kukiri kosa. Adhabu ya kosa hilo ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 50 cha Katiba yetu kinampa kila mshtakiwa mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama, na kwa maoni yangu mkalimani wa lugha ambayo mshtakiwa haijui vizuri ni sawa na kutokuwa naye. Hakuna aliyemuuliza kijana yule kama alikuwa akikimbia jambo lolote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu: Wakenya wangapi tumewasikia wakilia kwamba walitakiwa kutia saini karatasi za Kiarabu wasizozielewa huko Ghuba?

Kuhusu majirani zetu wa karibu, mambo ni mepesi zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho tu, na kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa mwaka 2018 kimepunguza foleni. Lakini bado wako akina mama wanaobeba mahindi na samaki kwa njia za panya, kwa kuwa hawajui haki zao au wanaogopa kuombwa kitu kidogo, na huko vichakani mmoja wao akipigwa au kunajisiwa ataanzia wapi kuripoti?

Ninalodai halihitaji bajeti kubwa. Kila anayezuiwa au kurudishwa apewe karatasi yenye tarehe, sababu na jina la afisa aliyeamua, na aelezwe kwa lugha anayoielewa mahali pa kukata rufaa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu, si raia pekee, haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri vibaya haki au uhuru wake wa msingi. Nimeiandikia ofisi inayohusika kuuliza kama karatasi ya namna hiyo hutolewa katika vituo vya Busia na Malaba, na jibu nikilipata nitalichapisha hapa lilivyo.